Karatasi ya Mgongo

"Sioni kitu," alisema Dereva, na wakati huo blauzi ya mkewe ilikuwa haijavuka hata mabega.

Fundi alivuta pumzi ndefu kwa pua, kama alivyofanya kila mteja aliyenenepa alipomlalamikia kwamba kitambaa kimerudi, yaani kimepungua. "Hujaona kitu kwa sababu hujaangalia kitu. Ngoja nivue kwanza, bwana wee! Unakagua blauzi au unakagua ngozi?"

"Miwani nimeshavaa."

"Miwani peke yake haioni. Nyuma yake panatakiwa mtu."

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, na mlango wa duka ulikuwa bado umefungwa komeo. Kila Jumamosi ya kwanza mambo yalikuwa haya haya. Chumba cha kujaribia nguo kilikuwa na vioo viwili, taa ndefu nyeupe darini na pazia zito la kijani ambalo Fundi alilishona kwa mabaki ya sare za shule. Nyumbani taa zilikuwa hafifu, na daktari alikwisha kusema mwanga uwe mzuri. Kwa hiyo walikuja hapa kabla ya wateja, mke akavua, mume akakagua, na ndoa ya miaka thelathini na moja ikapimwa uvumilivu upya.

"Lipo," akasema Dereva, akiweka alama ya penseli kwenye karatasi aliyoishika. "Lipo. Na hili lipo. Lipo."

Fundi hakuwa akihesabu. Alikuwa akiwaza koti la mteja wa saa nne.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba wengine wote wenye cherehani kwenye barabara ile walikuwa wakicheza tu, na yeye hakumsahihisha mtu. Kazi alifundishwa na shangazi yake, na kwa shangazi huyo alirithi mambo mawili: mkono mzuri na ulimi mbaya. Mteja akileta kitambaa pungufu, aliambiwa. Akitaka gauni aliloliona kwenye mwili wa mtu mwingine, aliambiwa pia. Watu walitoka wakinung'unika mpaka kizingitini, na baada ya mwezi walirudi na kitambaa kingine, maana nguo ya Fundi ilikuwa inakaa mwilini ikatulia.

Miaka mitatu nyuma, doa jeusi lilimtokea chini ya mguu wa kulia, karibu na kisigino. Huo ndio mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani tangu usichana wake, kwa hiyo nani angeshangaa? Alisema ni sugu. Alilisugua kwa jiwe, akalipaka mafuta, akalitukana. Doa likazidi kupanuka, na siku moja likaacha damu kwenye soksi. Daktari wa ngozi, binti mdogo kiasi kwamba Fundi alimuuliza daktari mwenyewe atafika saa ngapi, alilitazama kwa kioo chake chenye taa, akasema likatwe wiki hiyo hiyo. Ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi, na katika saratani za ngozi hiyo ndiyo yenye roho mbaya. Walikata kipande cha wayo, wakaziba kwa ngozi ya pajani, wakapima matezi, wakakuta ni salama. Fundi akarudi dukani akitembea kama bata, akafunga mota kwenye cherehani ili asikanyage tena, akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, na hilo lilimkera kuliko kisu chenyewe.

"Hiyo tumeitoa, mama," daktari alimwambia. "Lakini mtu aliyewahi kupata melanoma moja, uwezekano wake wa kupata nyingine ni mkubwa kuliko wa mtu ambaye hajawahi. Sisemi ile ya kwanza kurudi. Nasema nyingine mpya, mahali pengine kabisa. Na saratani nyingine za ngozi pia."

"Kwa hiyo nimekatwa, nimeshonwa, na bado nipo kwenye foleni?"

"Upo kwenye uangalizi. Hapa utakuja kwa tarehe tutakazokupa. Na nyumbani kila mwezi ujikague mwili mzima. Kichwani ndani ya nywele, katikati ya vidole, nyayo, chini ya kucha, kila mahali. Mgongoni akuangalie mtu. Ukiona doa jipya, au la zamani limebadilika, usingoje tarehe. Njoo."

"Na nitajuaje kama ni baya?"

Daktari alichora duara kwenye karatasi ya dawa. "Jifanye unalikunja katikati. Doa la kawaida, mara nyingi nusu zake mbili zinalaliana. Baya, mara nyingi hazilaliani. Kingo zake zimekatikakatika, rangi zimechanganyika, na linazidi kukua."

Hapo Fundi alielewa kuliko wagonjwa wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti. Kukunja katikati na kutazama kama nusu zinalaliana ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote. Alitoka pale akiwa na hasira, lakini hasira yenye mpango.

Mbele alijikagua mwenyewe. Nyayo alizikagua kwa kioo cha mkononi. Ila kinyozi hajinyoi, na mgongo ulimshinda. Alijaribu kwa vioo vyake viwili, akaambulia shingo iliyokakamaa siku tatu. Bintiye, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine na akipiga simu kila wiki kuuliza "Mama, umekaguliwa?" kana kwamba mama ni gari, alishauri baba apige picha kwa simu. Fundi alikataa. Simu ya Dereva ilikuwa na tabia ya kutuma vitu yenyewe. Iliwahi kusambaza picha ya goti lake lililovimba kwa madereva wastaafu wote, na rambirambi zikaanza kuingia.

Basi akatumia akili ya kazi yake. Alichukua karatasi ya kahawia, ile ya kukatia, akajipima bega, kiuno na urefu, akachora mgongo wake jinsi fundi yeyote anavyochora mgongo, yaani nusu. Fundi hachori mgongo mzima. Kitambaa kinakunjwa mara mbili, ukingo wa karatasi unalazwa juu ya mkunjo, mkasi unapita mara moja, na ukikifungua unakuta mgongo kamili. Kuchora pande zote mbili ni kuharibu karatasi, na shangazi alikuwa anafinya kwa kosa hilo.

Dereva aliigeuzageuza ile karatasi. "Mbona nusu?"

"Ndivyo mgongo unavyochorwa."

"Sasa hapa ni kushoto au kulia?"

"Dereva, hapa hatupiti njia panda. Sikiliza. Ukiona doa mgongoni kwangu, litafute kwenye karatasi. Likiwepo, pita. Lisipokuwepo, niite. Kazi ya mtoto wa darasa la pili hiyo."

Dereva aliendesha lori miaka ishirini na sita bila kugonga hata kuku, na ndani ya ndoa alifuata kanuni ile ile: ukiona kubwa linakuja, kaa pembeni lipite. Alikaa pembeni. Siku hiyo ya kwanza aliyaandika madoa saba, kila moja na upana wake kwa milimita, na karatasi ikatundikwa kwenye msumari pamoja na karatasi za wateja.

Wa kumkera zaidi ya mumewe alikuwa wifi yake, dada wa Dereva, aliyekuwa akija kupumzika kwenye kiti cha wateja kila alipochoka kukaa kwake. Alimkuta Fundi amejishonea magauni ya mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana ya kutembelea juani.

"Unaenda kurina asali?" akauliza.

"Naenda sokoni."

"Na bado mnakaguana kila mwezi? Wifi, ulishakatwa, ukapona. Kweli aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Na asiyeumwa huja kukalia viti vya watu."

"Mimi hapa shingoni nina doa tangu tumboni mwa mama. Mbona sijafa?"

"Hujachelewa," alisema Fundi, akakata uzi kwa meno.

Walicheka wote wawili, maana wifi ni wifi. Lakini wifi alipoondoka Fundi alibaki na kero yake. Kila mtu alitaka jambo hili liwe limekwisha ila yeye, na hata yeye alitaka. Alichoka kujivua. Alichoka kuwa mtu wa kuchunguzwa kama embe la sokoni. Siku nyingine alitamani aiache hiyo ngozi msumarini aende zake.

Ndipo ikafika mwanzo wa mwaka na sare za shule. Oda mia mbili na kumi, sketi na mashati, na shule tatu zikifungua wiki moja. Tarehe yake ya hospitali iliangukia katikati ya wiki hiyo.

"Daktari alisema usikose," Dereva alimkumbusha.

"Daktari ana karatasi? Mimi ninayo, na iko safi. Nitakwenda mwezi wa pili."

Mwezi wa pili ulikuja na sare za waliochelewa. Wa tatu ulikuja na harusi. Kila Jumamosi ya kwanza Dereva alisema lipo, lipo, lipo, na Fundi akavaa blauzi yake akaenda kufungua mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliona ufa wake ameuziba kwa karatasi.

Jumamosi hii tunayoisimulia, saa nne, aliingia yule mteja wa koti. Alikuwa tarishi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyebeba mkoba wa barua za ofisi kwa bega la kushoto miaka ishirini na miwili. Mwezi uliofuata walikuwa wanamuaga kazini, na alitaka koti ambalo kwa mara moja maishani lisimporomoke begani. Alileta na koti la zamani kuonyesha ugonjwa wenyewe.

Fundi aliligeuza koti nje ndani. Akatazama mshono wa katikati, akatazama mabega, na uso ukaanza kumbadilika.

"Nani alikushonea hili?"

"Fundi mmoja tu, alishahama."

"Huyo si fundi, huyo ni mwizi wa vitambaa. Hebu simama wima." Alimwekea futi begani, akampima kulia, akampima kushoto. "Umeona? Bega lako la kushoto limeshuka vidole viwili. Na yeye amekukata kwenye mkunjo! Amepima upande mmoja, akasema wa pili utajijua. Uvivu mtupu! Mgongo wa mtu una pande mbili, mama, na kila upande una mambo yake. Mtu anachora nusu, anajidanganya ameuona mgongo mzima, halafu..."

Futi ikamtoka mkononi ikaanguka.

Tarishi alingoja amalizie. Fundi alikuwa amekodoa macho ukutani, kwenye msumari wa karatasi.

"Halafu?" aliuliza tarishi kwa upole.

"Njoo Jumatatu."

"Lakini si umeshaanza kunipi..."

"Jumatatu, dada yangu! Nakuomba."

Dereva alikuwa barazani kwa fundi baiskeli, jirani, akicheza drafti, na alikuwa na kete ya kula mbili. Aliitwa kwa sauti ambayo hata mpinzani wake aliinuka. Alipoingia alikuta pazia limefunguliwa, taa imewashwa, na mkewe amempa mgongo uliokwisha kuwa wazi.

"Tuanze na doa lile la milimita nne," alisema Fundi, karatasi mkononi. "La chini ya fupa la bega. Liko upande gani?"

Dereva alivaa miwani. Safari hii hakusema haraka. "La kulia lipo."

"Na kushoto?"

"La kushoto nalo lipo."

"Nimekuuliza doa moja!"

"Mimi naona mawili, mama. Moja huku, moja huku. Yamekaa kama mapacha."

"Kwenye karatasi ni moja."

"Kwenye karatasi upande ni mmoja," alisema Dereva. "Nikiona hili, natafuta, nalikuta pale. Nikiona lile, natafuta, nalikuta pale pale. Si ulisema likiwepo nipite?"

Fundi alizungusha shingo kumtazama. "Siku ya kwanza, ulipoandika, yalikuwa mawili?"

"Siku ya kwanza..." Dereva alikuna kichwa. "Siku ya kwanza niliandika kila nilichokiona. Saba. Sasa ngoja." Akaanza kuyagusa kwa ncha ya kidole, moja moja, polepole. Kidole kilisimama. "Yako manane."

"Lipime hilo la kushoto."

"Saba. Milimita saba."

"Likunje katikati. Kwa macho, Dereva, kwa macho! Nusu zinalaliana?"

Dereva alisogeza uso karibu, akatazama upande mmoja, kisha wa pili. "Hapana," alisema mwishowe. "Upande mmoja mweusi, mwingine kama kahawa. Na ukingo umeliwaliwa."

Hapo Fundi alilipuka. Alivaa blauzi mbele nyuma, akamwita mumewe kipofu mwenye leseni, mtu mwenye macho ya mapambo, dereva gani huyo asiyejua kulia na kushoto. Dereva alimgeuzia blauzi, akamfunga vifungo, akamtafutia kiatu. Kanuni yake ilikuwa ile ile, akakaa pembeni.

Jumatatu asubuhi, badala ya kumpima tarishi, walikuwa hospitali. Daktari alilitazama doa kwa kioo chake chenye taa, akachoma sindano ya ganzi, akalikata lote, akalitia kwenye kichupa. Majibu baada ya siku kumi.

Siku kumi ni nyingi kwa mtu mwenye ulimi. Fundi aliogopa, na kwa kuwa hakujua kuogopa kimya kimya, aliogopa kwa kugombana. Usiku aliamka akajigusa makwapani kutafuta matezi. Mchana alishona vibaya na kumlaumu anayemletea chai. Alifikiri habari ya bintiye, habari ya wajukuu ambao hawajazaliwa, na habari ya Dereva atakayebaki peke yake asijue hata sukari inawekwa wapi. Kila alipofika hapo alimgeukia Dereva huyo huyo na kuanza upya. Miezi mitatu! Lipo, lipo! Angekuwa anakagua matairi angeliona!

Wifi alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasikiliza mkondo mzima wa lawama. Safari hii hakutania.

"Wifi," alisema, "karatasi alichora nani?"

"Nani aliyekuwa na macho nyuma yangu?"

"Nimeuliza alichora nani."

"Aliyepewa kazi ni kaka yako!"

"Nyani haoni kundule," alisema wifi, akanyanyuka. Mlangoni aligeuka. "Na mimi nimefanya ujinga. Nilikucheka na kofia yako. Hili la shingoni kwangu nitakwenda nalo likatazamwe." Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Fundi alikaa mbele ya cherehani isiyozunguka. Karatasi alichora yeye. Alijua. Alijua tangu pale alipodondosha futi. Ila kulisema ni kazi nyingine.

Siku ya kumi walikwenda wote wawili. Daktari aliwakaribisha, akafungua bahasha, akasema kabla hawajakaa sawasawa, maana alikwisha kumjua mgonjwa wake.

"Ni melanoma, mama. Nyingine, mpya, haihusiani na ya mguuni. Lakini ni nyembamba, unene wake haujafika hata nusu milimita. Tutaongeza kukata pembeni kidogo, na kwa ya namna hii watu wengi sana hupona. Mmeiwahi."

Dereva aliuinamia ukingo wa meza akaushika kwa mikono miwili. Fundi alisema, "Kwa hiyo sasa nimepata mbili."

"Ndiyo. Na kwa sababu hiyo ya tatu nayo inawezekana. Hatuachi kuangalia."

"Mpaka lini?"

"Maisha yote, mama."

"Ngozi gani hii!" alisema Fundi, na sauti ikamkatika katikati. "Nimeilisha, nimeivisha miaka hamsini na sita, na yenyewe haitaki kutulia!"

Daktari alimwachia dakika, kisha akaulizia ile karatasi aliyotajiwa Jumatatu. Fundi aliitoa mkobani. Daktari aliikunjua mezani, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Nusu nyingine iko wapi?"

Fundi alishusha macho kwenye mkoba, akaanza kufungua na kufunga zipu yake.

"Ni mimi, daktari," alisema Dereva. "Yeye alinielekeza vizuri. Mimi ndiye nilichanganya pande. Macho ya uzee."

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema basi mara hii mchore mgongo mzima. Fundi aliitikia kwa kichwa. Njia yote ya kurudi hakumtukana mtu hata mmoja, hata aliyewakanyaga kwenye lango la hospitali, na Dereva akaanza kuwa na wasiwasi na afya yake.

Dukani hakufungua mlango wa wateja. Alivuta karatasi kutoka kwenye jora, vipande viwili, akaviunga kwa gundi, akavibandika ukutani ndani ya chumba cha kujaribia. Hakupima. Alivua blauzi, akasimama uso ukiwa umegusa karatasi, akanyoosha chaki nyuma bila kugeuka.

"Chora wewe," alisema. "Nizungushie. Mgongo mzima. Halafu andika kushoto na kulia, kwa herufi kubwa."

Dereva alishika chaki kama kitu kinachoweza kuuma. Alianza kiunoni, akapanda ubavuni, akafika kwapani, akasimama.

"Unajua kitu, mama?" alisema. "Kila ikikaribia Jumamosi ya kwanza nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa naogopa nitaona doa nilitafute kwenye karatasi nilikose. Hilo la kushoto nilikuwa nikiliona roho inanipasuka. Natafuta, nalikuta. Basi nashukuru Mungu, nakwambia lipo. Miezi mitatu, mama. Nimeshukuru miezi mitatu kwa kitu kilichokuwa kinakuondoa."

Fundi alifumba macho. Karatasi ilinukia gundi.

"Wewe uliniuliza," alisema kwenye ukuta. "Uliniuliza kushoto au kulia. Mimi ndiye nilikupa nusu. Na hospitali nilikuacha useme uongo kwa ajili yangu nikakaa kimya. Nisamehe, baba."

Chaki ilianza tena kupanda, ikazunguka bega, na mstari ukaenda upande. Fundi aliusikia ukienda upande juu ya karatasi, kwa sikio la miaka arobaini ya kazi, akauacha.

"Sasa hesabu," alimwambia alipomaliza. "Anza kushoto. Kwa sauti, nisikie."

Dereva alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kidole chake kiligusa kando ya kidonda kilichoshonwa.

"Moja," alisema.

"Moja," alirudia Fundi.